Maneno ya Herufi Tano



Novemba 2015, mjini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Fainali ilipangwa iwe ya michezo saba, lakini haikufika huko, kwani alimshinda Mwingereza Lewis Mackay minne mfululizo. Kabla yake hakuna Mwafrika aliyewahi kuushika ubingwa huo. Katika fainali hiyo alipanga ubaoni neno FELTY, ambalo husemwa juu ya kitu kinachofanana na kitambaa cha sufu iliyoshindiliwa, akapata alama 36. Ni neno la herufi tano, na nadhani Waingereza walio wengi hawajalitamka maishani mwao.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu mada yangu ni maneno ya Kiingereza yanapotafutwa kwa urefu wake na kwa herufi zilizomo. Neno la herufi tano lenye Q. Neno la herufi saba lenye A, E na I. Neno lisilo na irabu hata moja. Wapo watu wazima wanaoyatafuta maneno ya namna hii kila siku, na wapo wanaowaambia kwamba wanapoteza muda. Mimi nimekuja kuwatetea. Naamini huko ni kuijua lugha kwa upande wake mmoja wa kweli, upande ambao sisi walimu tunaupita kando, na naamini upande huo hauna mwenyewe. Aliyezaliwa London na aliyezaliwa Warri, kule Nigeria, wanaanzia mstari mmoja.

Kwa ambao hawajaucheza, Scrabble ina mfuko wa kete 100. Kete 98 zina herufi, na mbili ni tupu, zinaweza kusimama badala ya herufi yoyote. Kila mchezaji hukaa na kete saba mbele yake. Hupanga neno kwenye ubao wa miraba 15 kwa 15, neno likigusana na yale yaliyokwisha kupangwa, kisha huchota kete nyingine kufidia alizotumia. Akizimaliza zote saba kwa zamu moja hupewa alama 50 za ziada. Kwa sababu ya alama hizo, wachezaji wengi wakubwa waliamini kwamba njia ya ubingwa ni maneno marefu, ya herufi saba na nane.

Wanigeria na makocha wao walikaa na hesabu wakaona jambo jingine. Kumaliza kete zote saba ni kuzuri, lakini ukishazimaliza unachota saba usizozijua, na huenda zikaja V mbili, U mbili, I mbili na C, ukabaki kutazama. Ukicheza tano ukabakiza mbili njema, tuseme E na R, au S na ile kete tupu, zamu ijayo unaanza ukiwa na akiba. Tena neno refu huufungua ubao. Linasogea hadi kwenye miraba ya ukingoni inayozidisha alama mara tatu, na anayeifaidi miraba hiyo ni mpinzani, kwa kuwa zamu ni yake. Neno fupi linaubana ubao. Wakajizoeza kuchagua neno la herufi nne au tano hata pale ambapo neno refu walikuwa nalo mkononi.

Mimi naona ipo sababu nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni ukubwa wa orodha. Mashindano ya kimataifa hutumia orodha ya Collins, ambayo katika toleo la 2019 ilikuwa na maneno zaidi ya 279,000. Ya herufi mbili ni 127 tu. Ya herufi tatu ni zaidi ya 1,300. Ya herufi tano yanakaribia 13,000, na ya herufi saba yanazidi 34,000. Tazameni tarakimu hizo kwa jicho la mwanafunzi asiye na nyumba yenye rafu za vitabu vya Kiingereza. Maneno 127 anaweza kuyashika kwa wiki chache. Maneno 13,000 ni kazi ya miaka, lakini ni kazi yenye mwisho. Mtu anaweza kuyajua yote ya herufi tano, yote kabisa, na akayajua kuliko profesa wa Oxford ambaye hajawahi kuyahesabu. Katika lugha ya kigeni ni mambo machache sana ambayo mgeni anaweza kuyamaliza. Hili linamalizika.

Hapo watu hunisimamisha wakaniuliza: kuna faida gani kujua neno usilolijua maana? Na hunitajia Nigel Richards. Bwana huyu ni mzaliwa wa New Zealand anayeishi Malaysia, na ni bingwa wa dunia wa Kiingereza mara tano. Julai 2015, miezi michache kabla ya Perth, alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa huko Louvain-la-Neuve, Ubelgiji. Kifaransa hakizungumzi. Alikuwa ameisoma orodha ya maneno yao kwa majuma tisa hivi. Aliyeshindwa naye katika fainali alitoka Gabon, nchi ambayo Kifaransa ni lugha ya shule na ya serikali. Mwaka 2024 akafanya vilevile kwa Kihispania, mjini Granada.

Nakubali kwamba Richards hajui Kifaransa. Lakini kipo kitu anachokijua kuhusu Kifaransa ambacho Wafaransa wengi hawakijui. Anajua herufi zipi hukaa pamoja na zipi hukataana, neno huweza kuanzaje na kuishaje, ni viambishi gani hung'ang'ania mwisho. Lugha ina maana na ina umbo, na umbo lake ni elimu inayosimama yenyewe. Mwanahisabati anaijua namba bila kuuliza inahesabu ng'ombe au mbuzi, na hatumwambii kwamba amepoteza muda.

Nasema haya nikiwafikiria wanafunzi wetu. Mtoto anaingia kidato cha kwanza, Tanzania, na ghafla karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza. Kenya anakutana nacho mapema zaidi. Kote kuwili anajifunza haraka kwamba kuna Kiingereza cha kuchekwa. Akitamka vibaya darasa linacheka, na aibu ile inamfunga mdomo kwa miaka. Orodha ya maneno haina masikio. Haisikii lafudhi, haiulizi shule uliyosoma. Ukiweka QANAT mahali pake, imekaa, na aliye mbele yako lazima aandike alama zako. Nimewaona vijana wanyonge wa Kiingereza wakinyanyua vichwa kwa sababu ya ushindi wa namna hiyo, na baada ya hapo ndipo wakaanza kuuliza maana. Walifika kwenye maana kwa kupitia mlango wa herufi, na sioni kwa nini mlango huo tuudharau.

Sasa tuingie ndani ya herufi zenyewe. Aliyeutunga mchezo huu, Alfred Butts, alikuwa msanifu majengo wa jimbo la New York aliyekosa kazi wakati uchumi wa Marekani ulipoporomoka miaka ya 1930. Alichukua magazeti, The New York Times likiwemo, akahesabu herufi moja moja kwenye kurasa zake. Kutokana na hesabu hiyo aliipa E kete 12, A na I tisa tisa, O nane, na akaziacha J, K, Q, X na Z na kete moja moja. S alitoa nne tu kwa kusudi, asije kila mtu akaishi kwa kuongeza S ya wingi mwisho wa maneno ya wenzake. Jina la Scrabble lilikuja 1948, pale James Brunot alipouchukua mchezo. Kuhesabu herufi kwenyewe ni jambo la kale mno. Al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, alikwisha kueleza jinsi hesabu ya herufi inavyofungua maandishi ya siri. Lakini Butts aliifanya hesabu hiyo iingie sebuleni kwa watu, na mpaka leo thamani ya kete zake inatuambia Kiingereza kimeumbwaje. E ina alama moja kwa kuwa iko kila mahali. Mwaka 1939 Ernest Vincent Wright alichapisha riwaya nzima, Gadsby, yenye maneno yapata 50,000 bila E, na waandishi wanaijua taabu aliyoipata.

Q ina alama kumi, na ndiyo herufi ninayotaka tukae nayo.

Mtoto anayejifunza Kiingereza hufundishwa kwamba Q hufuatwa na U. Zamani haikuwa hivyo. Waingereza wa kale waliandika malkia CWEN, na kitu chenye uhai CWIC. Baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, waandishi waliofunzwa kwa Kilatini na Kifaransa ndio walioshika kalamu, wakaleta desturi yao ya QU. CWEN ikawa QUEEN, CWIC ikawa QUICK. Kwa hiyo Q na U kushikana mikono ni alama ya ushindi wa kivita uliotokea karibu miaka elfu moja iliyopita, na ikabaki ndani ya tahajia.

Basi neno la Kiingereza lenye Q isiyofuatwa na U, karibu kila mara, ni mgeni aliyekuja baada ya hapo na kukataa kubadili nguo. Mchezaji wa Scrabble huyakusanya maneno haya kwa shauku, maana akibaki na Q bila U mwishoni mwa mchezo amebaki na hasara. Tazameni anayoyakusanya: QADI, QAID, FAQIR, TALAQ, NIQAB, BURQA, QAT, QANAT. Kuna QOPH, herufi ya Kiebrania. Kuna QINDAR, sarafu ya Albania. Kuna QIVIUT, sufu ya mnyama wa Aktiki, kutoka kwa Wainuiti. Kuna MBAQANGA, muziki wa Afrika Kusini, ambako Q ni kidoko cha Kizulu. Na kuna QI, pumzi au nguvu ya uhai kwa Wachina, neno la herufi mbili ambalo limebadilisha mchezo mzima tangu lilipokubaliwa. Chukueni I iliyokwisha kukaa ubaoni. Wekeni Q kushoto kwake, kwenye mraba unaozidisha herufi mara tatu, kisha I nyingine chini ya Q. Mmeandika QI kwa mlalo na QI kwa wima. Kila moja ni alama 31, jumla 62, kwa kete mbili tu.

Angalieni tena orodha ile ya mwanzo. QADI, FAQIR, TALAQ, NIQAB. Nani hapa ukumbini anahitaji kamusi? Ni kadhi, fakiri, talaka, nikabu. Maneno hayo yalisafiri kutoka Kiarabu kwenda pande mbili. Yaliyokuja pwani yetu yakaingia katika mwendo wa Kiswahili, mengi yakapata irabu mwishoni, na tulipoanza kuandika kwa herufi za Kirumi sauti ile ya koo tukaiandikia K. Yaliyokwenda Uingereza yalibaki yakibishaniwa, ndiyo maana orodha za Scrabble zinaikubali kadhi kwa tahajia zaidi ya moja: CADI, KADI na QADI zote ni halali. Mtoto wa Lamu au wa Kilwa anayekaa mbele ya ubao ana urithi wa maneno haya ambao mtoto wa Manchester lazima aukariri. Hiyo ni faida ya kweli, na sijaona mwalimu akimwambia mwanafunzi wake kwamba anayo.

Na sisi tumepeleka yetu. SAFARI iko katika kila kamusi ya Kiingereza. BWANA, ASKARI na PANGA ni halali ubaoni, na orodha ya Collins inakubali pia UHURU. Hili la mwisho mchezaji hulipenda kwa sababu isiyohusiana na siasa: mfuko una U nne tu, herufi inayolemea mkono, na UHURU inameza tatu kwa mara moja.

Nigusie sasa mchezo wa Wordle, maana wengi wenu mnaucheza kwenye simu. Josh Wardle, mhandisi wa programu kutoka Wales aliyekuwa akiishi Brooklyn, aliutengeneza kwa ajili ya mwenzi wake, Palak Shah. Aliutoa kwa watu Oktoba 2021. Tarehe 1 Novemba ulikuwa na wachezaji 90. Miezi miwili baadaye walikuwa 300,000. Mwisho wa Januari 2022 The New York Times likaununua. Kila siku kuna neno moja la herufi tano, na una nafasi sita za kulikisia. Herufi iliyo mahali pake inageuka kijani, iliyomo lakini si mahali pake inakuwa njano, isiyomo inakuwa kijivu. Kiingereza kina maneno ya herufi tano zaidi ya 12,000, lakini majibu hayatoki humo mote. Bi Shah aliyapitia akachambua yale anayoyajua, yakabaki 2,300 na kitu. Nampongeza kwa kazi hiyo, kwani mchezo ungekuwa wa wataalamu peke yao bila uchambuzi wake.

Mtu wa Kiswahili akianza Wordle hukimbilia irabu. Hata wenyeji wa Kiingereza hupenda kuanza na ADIEU, kwa sababu lina irabu nne. Ni chaguo dhaifu. Kujua kwamba neno lina A na E kunakuachia mamia ya maneno, ilhali konsonanti ndizo zinazoyatenganisha. Wanaotumia kompyuta kupima wamekuta maneno kama SLATE, CRANE na SALET ndiyo yanayopunguza orodha upesi zaidi: irabu mbili na konsonanti tatu zinazopatikana kwa wingi.

Lakini somo kubwa la mchezo huu liko kwenye mtego mmoja, na naomba tuufungue taratibu. Tuseme umefika jaribio la tatu, na herufi nne za mwisho zimekuwa kijani: IGHT. Unafurahi, unadhani umemaliza. Hesabu majibu yanayowezekana: EIGHT, FIGHT, LIGHT, MIGHT, NIGHT, RIGHT, SIGHT, TIGHT, na WIGHT, neno la kale la kiumbe au mtu. Tisa. Nafasi zilizobaki ni tatu. Ukijaribu moja baada ya jingine, uwezekano wa kushindwa ni mkubwa kuliko wa kushinda.

Mwenye kufikiri anaacha kulitafuta jibu kwa muda. Anaandika FILMS, akijua wazi si jibu. Neno hilo linapima F, L, M na S kwa mara moja. Mojawapo ikipata rangi, amekwisha kujua jibu. Zote nne zikiwa kijivu, yamebaki matano: EIGHT, NIGHT, RIGHT, TIGHT, WIGHT. Sasa anaandika RENEW. Lina R, E, N na W. Iliyopata rangi ndiyo herufi ya kwanza ya jibu; isipopata hata moja, jibu ni TIGHT. Nafasi ya sita anaandika jibu kwa uhakika. Maneno tisa yamechambuliwa kwa maswali mawili, bila kubahatisha. Hii ni njia ya sayansi, ile ile tunayohangaika kuifundisha maabara: uliza swali litakaloyagawa yanayowezekana, hata kama swali lenyewe si jibu. Mwanafunzi aliyeielewa FILMS na RENEW ameelewa maana ya jaribio.

Na GH ile inafanya nini katikati ya NIGHT? Ilikuwa ikitamkwa. Waingereza wa zamani walikuwa na sauti iliyokaribia kh ya kheri, wakaiandika hivyo. William Caxton alipoleta mtambo wa kupigia chapa Westminster mwaka 1476, tahajia ilianza kuganda, huku midomo ikiendelea kubadilika. Sauti ikapotea, herufi zikabaki. Maneno tisa yamebanana kwenye umbo moja kwa sababu ya sauti ambayo hakuna Mwingereza wa leo anayeitoa.

Watu huniuliza maneno haya hupatikanaje. Zamani ilikuwa kwa daftari: mtu anaipitia kamusi ukurasa kwa ukurasa, akiandika. Wachezaji walibuni njia nzuri zaidi, ambayo ni kuzipanga herufi za neno kwa utaratibu wa alfabeti. RETINAS inakuwa AEINRST. NASTIER nayo inakuwa AEINRST, na vivyo hivyo RETAINS, ANTSIER, STAINER, RETSINA na STEARIN. Mchezaji akizipanga kete zake hivyo anaisoma safu hiyo kama anwani, na maneno yote yanayoishi hapo yanamjia pamoja. Kompyuta hufanya hivyo hivyo.

Mwaka 2022 Matt Parker, aliyewahi kuwa mwalimu wa hisabati na anayefahamika sana kwa video zake, alitafuta maneno matano ya herufi tano yasiyorudia herufi hata moja, yaani herufi 25 tofauti kati ya 26. Programu aliyoiandika ilifanya kazi yapata mwezi mmoja. Watazamaji wake walipoichukua kazi hiyo waliishusha hadi chini ya sekunde moja. Kila neno walilifanya safu ya swichi 26, moja kwa kila herufi, zinazowashwa na kuzimwa. Safu mbili zikilinganishwa inajulikana papo hapo kama zinagongana. Tena walianza na herufi adimu, zenye maneno machache, badala ya kuanza na A. Moja ya majibu ni FJORD, GUCKS, NYMPH, VIBEX, WALTZ. Herufi iliyoachwa nje ni Q. Na tazameni yalikotoka: ghuba ya Norway, mungu mdogo wa kike wa Wagiriki, mchirizi wa damu chini ya ngozi kwa Kilatini, ngoma ya Wajerumani. Ili Kiingereza kitumie karibu alfabeti yake yote bila kurudia, kililazimika kuita majirani.

Je, Kiswahili kingeweza? Hakiwezi, na sababu yake mojawapo ni nzuri kuijua. Silabi zetu karibu zote zina irabu, na irabu ni tano tu. Maneno matano yangelazimika kuwa na irabu moja moja kila moja, na neno la Kiswahili la herufi tano lenye irabu moja ni nadra kabisa. Ninaloliona upesi ni MCHWA. Neno letu la kawaida la silabi mbili lina herufi nne, kama baba, jina na paka. La silabi tatu lina sita: samaki, kitabu, sukari. Tano huja mara nyingi pale utaratibu unapovunjika, kwa irabu ya mwanzo kama asali na ukuta, kwa irabu mbili zinazofuatana kama faida na taifa, au kwa m na n zinazoegemea konsonanti kama mkono, mlima na ndizi. Sijui kitabu cha sarufi kinachoanza na jambo hili, na ningependa kukiona.

Ndiyo sababu naomba tuanze kuhesabu herufi zetu, ili tutunge Scrabble ya Kiswahili. Butts alikuwa na magazeti na penseli. Sisi tuna Mwananchi na Taifa Leo, na tuna wanafunzi. Najua kabla ya hesabu kwamba A itakuwa na kete nyingi kuliko E ya Kiingereza, kwamba K, yenye alama tano kwao, itashuka hadi moja kwetu, na kwamba Q na X hazitakuwemo. Nisilolijua ni M na N zitasimama wapi, na W, ambayo kwa Kiingereza ina alama nne.

Kisha litakuja suala gumu la orodha. Kiingereza kina COOK, COOKS, COOKED, COOKING na machache mengine, na orodha inayataja yote. Kiswahili kina ninapika, hapiki, wakipikiana, alichonipikia, na maelfu ya namna hiyo kutoka katika mzizi mmoja. Tukiyakubali yote, hakuna orodha itakayotosha na kila mchezo utakuwa ubishi. Tukikubali vidahizo vya kamusi peke yake, tumekiua kile kinachokifanya Kiswahili kiwe Kiswahili. Mimi napendekeza tukubali shina na minyambuliko yake, pika, pikia, pikwa, pikisha, pikiana, na umoja na wingi wa nomino, na tuviache nje viambishi vya nafsi na vya njeo. Wapo hapa walimu wa isimu watakaonipinga, na nitafurahi kuwasikia.

Hatimaye kuna herufi pacha. Zipo seti za Scrabble ya Kihispania zenye kete moja ya CH na moja ya LL. Kwetu CH lazima iwe kete moja, kwa kuwa C peke yake haina kazi katika Kiswahili. SH, DH, TH, GH na KH zinaweza kuachwa ziwe mbili mbili, maana herufi zake zote zinatumika pengine; ndivyo ninavyoona, ingawa hoja ya usawa ingezitaka zote ziwe kama CH. Inabaki ng' ya ng'ombe. Tukiiandika kwa kete mbili, N na G, mchezaji hataweza kuitofautisha na ng ya ngoma, na ving'ora vitageuka kitu kingine ubaoni. Napendekeza ipewe kete yake moja, yenye ritifaa yake, na alama zake ziamuliwe baada ya magazeti kuhesabiwa.